Meza ya Kazi Nyumbani: Mwongozo kwa Mkaazi wa Ukingo wa Tana

Kila nyumba katika Kinakomba, kandokando ya mto Tana, tangu zile zilizo kando ya barabara ya Hola na Garsen hata zile zilizojisitiri nyuma ya miembe katika kingo za mto, ina zana zake: jembe, panga, shoka, tezo la kuchongea mtumbwi, nyavu, baiskeli, na siku hizi pampu ya kuvutia maji shambani. Lakini ni nyumba chache mno zilizo na mahali pa kuzitengenezea zana hizo zinapoharibika. Jembe lililolegea mpini hugongwa juu ya jiwe. Panga butu hunolewa juu ya goti. Pampu hufunguliwa juu ya mchanga, na parafujo moja ikianguka basi imepotea, na kazi ya siku nzima ya kumwagilia matikiti hupotea pamoja nayo. Hatimaye mwenye nyumba hufunga safari kwenda mjini kumtafuta fundi kwa kazi ambayo, lau angalikuwa na meza thabiti ya kuifanyia, angaliimaliza kwa mikono yake kabla ya adhuhuri.

Mwongozo huu ni juu ya meza hiyo: mahali pa kuiweka, mti wa kuifanyia, vipimo vyake, zana zake, hadhari zake, na namna ya kuiokoa mto unapofurika. Neno ninalotaka likae moyoni mwako tangu mwanzo ni hili, kwamba zana ya kwanza ya fundi si nyundo wala msumeno, bali ni uthabiti wa kitu anachofanyia kazi. Kwani mkono hodari juu ya meza inayoyumba hutoa kazi mbovu, na mkono wa mwanafunzi juu ya meza iliyotulia hujifunza upesi.

Kazi ya meza, na kazi isiyo yake

Kazi ya meza yetu ni kutengeneza zana nilizozitaja. Lakini katika nchi nyingine, hasa Marekani, wapo watu wanaoweka meza ya namna hii nyumbani kwa ajili ya kujaza upya maganda ya risasi, wakipima baruti kwa mizani na kushindilia ganda moja baada ya jingine. Huko sheria yao yawaruhusu, na uwindaji wa burudani ungalipo. Kwetu mambo ni mbali kabisa. Sheria ya Silaha, ambayo ni Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, haimruhusu mtu kutengeneza silaha wala risasi pasipo kuandikishwa na kupewa leseni ya kazi hiyo, na uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Fauka ya sheria, ipo sababu iliyo nzito zaidi kwa watu wa mto huu: baina ya Agosti 2012 na Januari 2013, katika vijiji vya bonde la chini la Tana, zaidi ya watu mia moja waliuawa katika ugomvi wa majirani, wakiwamo wanawake na watoto. Nchi iliyochimba makaburi kama yale haina haja ya meza ya baruti katika nyumba yoyote, na mtu akikushawishi kinyume cha hayo mkatalie pasipo haya.

Hata hivyo, liko jambo moja katika meza za watu wale ambalo ni jema nasi tuliige, nalo ni nidhamu. Kwa kuwa kosa dogo katika kazi yao laweza kumpasukia mtu usoni, hufanya kazi moja kwa wakati mmoja, huondoa mezani kila kisichohusika, hawafanyi kazi wakiwa na usingizi au gumzo, na huandika katika daftari kila walichokifanya. Mtu afungaye breki ya baiskeli atakayoipanda mwanawe, au azibaye ufa wa mtumbwi utakaovusha watu mahali penye mamba, anahitaji nidhamu hiyo hiyo.

Mahali pa kuiweka

Chagua kwanza mahali, ndipo utafute mbao. Mahali pema ni baraza au banda lililoezekwa, lililo wazi pande mbili upepo upite, lenye sakafu ngumu ya udongo ulioshindiliwa au ya saruji. Wengi hupenda kuweka meza chini ya mwembe kwa ajili ya kivuli, na kivuli cha mwembe ni baraka. Lakini mwembe hudondosha utomvu unaonata na kuwasha ngozi, matunda huanguka msimuni, na sisimizi waitwao maji moto hushuka shinani wakifuata utamu. Mwembe na ukipe kivuli kibanda, wala usiwe ndio paa la meza.

Ama mwanga, kumbuka kwamba sisi tu karibu sana na mstari wa Ikweta, upande wake wa kusini, na jua letu huchomoza mashariki na kuchwa magharibi pasipo kupinda sana mwaka mzima. Kwa hiyo ielekeze meza ili mfanyakazi asimame akitazama kaskazini au kusini. Akitazama mashariki, jua la asubuhi litampiga machoni wakati ule ule ulio mzuri kwa kazi, kabla ya joto. Akitazama magharibi, la alasiri litampiga vivyo hivyo. Kama una taa ya umeme wa jua, itundike upande wa kushoto wa mtu anayetumia mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono wake kisifunike kazi yake.

Iweke meza mbali na jiko, mbali na mahali pa kulala watoto, na mbali na ghala ya nafaka, maana vumbi la chuma halifai kuchanganyika na chakula. Acha nafasi ya hatua mbili mbele yake, na nafasi ya kuingiza mbao ndefu pande zake mbili. Meza iliyosukumwa pembeni kama kitanda cha mgonjwa humfunga mtu mikono.

Mti wa kufanyia

Si lazima ununue mbao za gharama. Uko mti ambao kila mkaazi wa Tana anaujua na aghalabu anaulaani, nao ni mathenge. Uliletwa katika nchi yetu miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni, ukapandwa katika mashamba ya Bura, kisha ukavunja mipaka uliyowekewa ukafunga njia za ng'ombe, ukameza mashamba, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Lakini mti huu unaotuudhi una ubao mgumu, mzito, usiopindika sana ukisha kukauka, na kila shina unalolikata unamfungulia mkulima au mfugaji njia. Kwa miguu ya meza sioni mti bora kuliko huo kwa mtu asiye na fedha nyingi. Kasoro yake ni kwamba hukua kwa kupinda, na mti mrefu ulionyooka hupatikana kwa kutafutwa. Basi utafute kwa ajili ya miguu na vipande vifupi, na kwa uso wa meza nunua mbao zilizopasuliwa. Vaa viatu vya soli nene unapoukata, kwa kuwa mwiba wake hupenya kandambili na kidonda chake huchelewa kupona.

Mbao za mwembe mzee uliokoma kuzaa nazo zafaa kwa uso wa meza, ila hupendwa mno na wadudu watobozi, hivyo zahitaji mafuta mengi. Boriti za mkoko zitokazo pwani ni imara na mchwa huziogopa, lakini ukataji wake una sheria, nawe ununue kwa mwenye kibali tu.

Mbao yoyote utakayoipata, usiifanyie kazi ikiwa mbichi. Ipange kivulini juu ya vipande vya miti ili hewa ipite chini na juu yake, paka rangi au nta katika ncha zake mbili, kwa sababu maji hutoka upesi zaidi nchani na kuipasua, uweke mawe juu yake isipinde, kisha uvute subira. Mbao ya inchi mbili ikikaa miezi michache ya kiangazi katika joto letu hupungua uzito waziwazi. Ipime kwa kuiinua leo na kuiinua tena baada ya mwezi, nawe utaona. Aliyeunga mbao mbichi huunga meza itakayolegea yenyewe, na kulegea huko hakuponi kwa misumari.

Vipimo na maungo

Kimo cha meza hakitoki katika kitabu bali katika mwili wa mwenye meza. Simama wima na viatu vyako vya kazi, uiachie mikono iteremke, kisha ukunje kiganja kama unayekilaza juu ya kitu: hapo kilipolala ndipo pawe uso wa meza. Kwa watu wengi huwa ni baina ya inchi 32 na 36. Meza iliyo chini mno huvunja kiuno, na iliyo juu mno huchosha bega na kumnyima mtu uzito wa mwili wake anapopiga randa. Urefu wa futi 5 na upana wa futi 2 watosha kwa kazi za nyumbani. Ukizidisha upana, mkono hautafika nyuma, na nyuma patakuwa makaburi ya takataka.

Umbo ninalolipendekeza ni la fremu mbili za kando zilizoungwa daima, na mbao nyingine zinazofunguka. Kila fremu ina miguu miwili yenye unene wa inchi 4 kwa 4, iliyounganishwa kwa mbao mbili za kukingama, moja juu kabisa na moja yapata inchi 6 kutoka chini. Maungo haya yafanye kwa ulimi na tundu: chonga tundu katika mguu kwa juba, chonga ulimi katika mbao ya kukingama, uuingize kwa kugongwa kidogo, kisha tia gundi na kigingi cha mti mgumu. Ulimi unaoingia kwa mkono mtupu ni mwembamba mno, na unaohitaji nyundo nzito utapasua mguu.

Fremu hizo mbili ziunganishe kwa mbao nne ndefu za mbili kwa nne, mbili mbele na mbili nyuma, zilizofungwa kwa bolti wala si kwa misumari. Kila mbao ifungwe bolti moja katika kila ncha, yaani bolti 8, zenye unene wa nusu inchi na urefu wa inchi 7, pamoja na washa pana ili nati isizame katika mti. Kisha upande wa nyuma ufunge mbao moja ya mshazari, kutoka chini ya fremu moja hadi juu ya nyingine, kwa bolti 2. Usidhani mshazari huu ni pambo. Umbo la pembe nne husukumwa likainama kama mlango wa ua uliochakaa. Umbo la pembe tatu haliinami mpaka mti uvunjike. Meza nyingi ninazoziona zikiyumba, ambazo wenyewe huzitia kabari za karatasi miguuni mwaka hata mwaka, zimekosa mbao hiyo moja tu.

Uso wa meza uwe wa mbao nne za mbili kwa sita, zilizopigwa randa zikasawazika, na zigawe katika vipande viwili vya mbao mbilimbili, kila kipande kikishikwa chini kwa vibao viwili vya kukingama. Kila kipande kifungwe kwa bolti 2 juu ya fremu, na vichwa vya bolti vizamishwe chini ya uso visije vikakwaruza kazi. Hivyo bolti zote ni 14, na watu wawili wenye spana mbili waweza kuifungua meza nzima kwa muda mfupi. Sababu ya kutaka ifunguke utaiona nifikapo kwenye habari za mafuriko.

Chini, juu ya mbao za kukingama, tandika vibao upate rafu, na juu ya rafu hiyo weka mawe au magunia ya mchanga. Uzito huo ulio chini ndio unaoituliza meza unapopiga patasi. Kila mguu usimamishe katika kopo lenye mafuta machafu ya injini, ama juu ya bamba la bati lililopita ukingo wa mguu, ili mchwa asipande kwa siri. Mwisho, paka mbao zote mafuta ya kitani au mafuta mengine ya mti, mara mbili, ukiacha siku kadhaa katikati.

Ukitaka kujua kama uso umelala sawa nawe huna pima maji, chukua mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, ujaze maji pasipo kuacha povu, na ushike ncha zake mbili katika pembe mbili za meza: maji husimama kimo kimoja pande zote mbili, wala hayajui kudanganya.

Jiliwa

Baada ya meza yenyewe, kitu kimoja kinachostahili fedha zako ni jiliwa, chombo cha chuma chenye taya mbili kinachobana kazi na kukupa uhuru wa mikono yote miwili. Jiliwa lenye taya za upana wa inchi 4 latosha nyumba ya mkulima. Lifunge kwa bolti, si kwa parafujo za mbao, katika pembe ya mbele ya meza, na liwe juu ya mguu kabisa, ili pigo la nyundo literemke katika mguu hata ardhini badala ya kuutetemesha uso. Juu ya taya pawe usawa wa kiwiko chako unapokunja mkono. Pakiwa chini ya hapo, tia kipande cha mti mgumu chini ya jiliwa mpaka kimo kipatikane. Andaa pia vipande viwili vya mbao laini vya kuvika taya, ili kitu kinachobanwa kisipate makovu.

Zana na kuzinoa

Usikimbilie kununua zana nyingi. Anza na hizi: nyundo moja ya wastani, msumeno wa mbao na msumeno wa chuma, patasi mbili, randa moja, keekee, koleo, bisibisi mbili, spana za vipimo vya pampu na baiskeli yako, guni la kupimia pembe mraba, na tupa tatu, bapa, duara na ya pembetatu. Kinoo kizuri ni sharti. Timazi jitengenezee kwa uzi na jiwe. Nyingine zije kwa kuitwa na kazi; zana iliyonunuliwa kabla ya haja yake huzeeka kwa kutu.

Zitundike ukutani katika ubao, na kuzunguka kila moja chora umbo lake kwa rangi. Kila jioni, kabla ya kuzima taa, umbo lisilo na zana yake litakuambia kuna kitu kimesahauliwa mchangani au kimeazimwa kisirudishwe.

Kunoa ndiyo kazi utakayoifanya mara nyingi kuliko nyingine, basi uijue vyema. Bana panga katika jiliwa makali yakielekea juu. Tupa hukata inaposukumwa mbele tu. Kwa hiyo sukuma kwa uzito, kisha uinue unapoirudisha, kwani ukiiburuta nyuma unayavunja meno yake bure. Anza kwenye mpini uendelee mpaka ncha, kwa hesabu moja ya misukumo kila upande, ukishika mlalo mmoja usiobadilika. Utakapopapasa upande wa pili kwa kidole, ukikivuta kutoka katikati ya bapa kuelekea nje wala si kando ya makali, na kuhisi ukwaruzo mwembamba wa chuma kilichojikunja, jua tupa imemaliza kazi yake na zamu ni ya kinoo. Jembe hunolewa upande mmoja tu, ule ulionolewa tangu mwanzo. Panga lililonolewa vema huokoa nguvu za mtu nusu ya kutwa, na butu ndilo linalokata watu, kwa kuwa huteleza badala ya kuingia.

Hadhari

Ya kwanza ni macho. Miwani ya kazi huuzwa kwa bei ndogo katika maduka ya vifaa. Ivae kila unapopiga chuma kwa chuma au kutumia tindo.

Ya pili ni petroli. Pampu isafishwe mezani ikiwa tangi lake tupu, na petroli ikae nje, katika chombo chenye mfuniko, mbali na moto na watoto. Usiitie kamwe katika chupa ya kunywea.

Ya tatu ni risasi, nami nataka nikae hapa kidogo. Lugha yetu imeyapa jina moja madini haya na kile kitokacho katika mtutu wa bunduki, kwa sababu hiki kilifinyangwa kwa yale. Na wavuvi wetu huyatumia vile vile kuzamisha nyavu. Kwa kuwa huyeyuka katika joto la nyuzi 327 tu, ambalo jiko la makaa hulifikia kwa urahisi, wako watu wanaovunja betri kuukuu za gari au za umeme wa jua na kuyeyusha mabamba yake nyumbani ili kupata vizito vya nyavu. Nakusihi usifanye hivyo. Vumbi na moshi wake hutua juu ya vyombo, mikono na udongo, huingia damuni, na humdhuru mtoto katika akili na makuzi yake pasipo kelele wala jeraha la kuonekana. Katika mtaa wa Owino Uhuru, mjini Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakaazi sumu hiyo miilini mwao. Kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, lakini fedha haimrudishii mtoto alichopoteza. Vizito vya nyavu vifinyange kwa udongo wa mfinyanzi, uvitoboe vikiwa vibichi na kuvichoma. Mto wenyewe umetupa udongo huo bila bei. Betri iliyokufa irudishe dukani, nzima, pasipo kuifungua.

Ya nne ni watoto. Juba, patasi na misumeno na viwekwe katika sanduku lenye kufuli kazi inapokwisha. Lakini usimfukuze mtoto mwenye shauku. Mpe kazi ya kupanga nati kwa vipimo vyake, kisha ya kupiga msasa, kisha tupa, na kila daraja aipande kwa kustahili.

Mto unapofurika

Meza ya mwenzetu wa Nairobi ikisha kusimama imesimama. Ya kwetu sharti ijue kuhama. Maji ya Tana hayatoki katika mbingu za Kinakomba. Hutoka katika miteremko ya Mlima Kenya na ya Nyandarua, hupita katika mabwawa, la kubwa likiwa Masinga lililomalizika mwaka 1981, na mabwawa hayo yakijaa na kumwaga, mto hufurika hapa chini hali mbingu yetu ni nyeupe na mchanga ni mkavu. Kwa hiyo usitazame mawingu yako. Sikiliza redio, tega sikio kwa habari za mabwawa, na uangalie rangi na kimo cha maji mtoni, hasa katika masika ya Aprili na Mei na vuli ya Novemba. Waliopitiwa na maji ya 1997, ya 2018, ya 2023 na ya 2024 hawahitaji ushahidi wangu.

Kabla ya msimu, tazama mashina ya miembe iliyo karibu na banda lako: alama ya tope ya mafuriko yaliyopita ndiyo kipimo chako. Juu ya alama hiyo, katika boriti za nyumba au katika jukwaa, tengeneza mahali pa kuweka sanduku la zana, na lipatie vishikio viwili vya kamba, lisiwe zito kupita nguvu za watu wawili. Habari ya maji ikija, pandisha kwanza zana, pili jiliwa, tatu pampu. Kisha fungua bolti 14 za meza, uzitie zote katika kopo moja lenye mfuniko ndani ya sanduku, na vipande vya meza vipakie mtumbwini au uvifunge pamoja kwa kamba ndefu shinani mwa mti mkubwa. Mbao huelea, nayo kamba fupi huizamisha; iache kamba irefuke maji yakipanda. Meza iliyopigiliwa misumari haipati wokovu huu.

Maji yakisha kushuka, usifute tope likiwa kavu, kwani mchanga wake laini hukwaruza kama msasa. Lioshe kwa maji safi, kausha zana juani kwa muda mfupi, uzipake mafuta mara hiyo hiyo, maana kutu haingoji kesho. Mbao zikaushe kivulini, taratibu, kama ulivyofanya zilipokuwa mbichi.

Daftari na jirani

Weka mezani daftari moja na penseli. Andika siku uliyobadilisha mafuta ya pampu, kipimo cha nati iliyokusumbua, bei ya parafujo, na jina la mti uliofaa mpini. Baada ya miaka miwili daftari hilo litakuwa na thamani kuliko jiliwa, kwa sababu limeandikwa na mto huu, udongo huu na mikono yako.

Na meza ikisha kusimama, watu watakuja. Atakuja Mpokomo mwenye mtumbwi uliopasuka, na atakuja Muorma aliyewapeleka ng'ombe kunywa maji malkani, yaani njia ya mifugo iendayo mtoni, akiwa na mkokoteni wa punda uliovunjika ekseli. Wapokee wote. Agana nao mapema juu ya bei ya kazi au juu ya kuazima zana, ili pasizuke manung'uniko, lakini usimrudishe mtu kwa sababu ya kabila lake wala kwa ugomvi wa malisho na mashamba uliokuwapo kabla yake na kabla yako. Watu wawili walioshika pamoja ncha mbili za ubao mmoja, huyu akipiga randa na huyu akiutuliza, hupata nafasi ya kujuana ambayo mkutano wa baraza haukuwapa.

Basi, ndugu msomaji, usingoje fedha nyingi. Wiki hii katafute mathenge manne yaliyonyooka, uyakate, uyapake nta nchani, na uyalaze kivulini. Hiyo ndiyo miguu ya meza yako.